Tundu la kutu na tundu la mvua ya mawe hayafanani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nieleze jambo linalojirudia kila msimu wa mvua unapoanza hapa Tabora na kwa jirani zetu wa Kigoma. Mvua kubwa inanyesha, mapaa yanaharibika, na kabla matope hayajakauka habari imeshaandikwa kwamba mvua ya mawe imeezua shule, zahanati na nyumba za wananchi. Mimi ni fundi wa majengo niliyestaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa juu ya mapaa, kwa hiyo habari za namna hii huzisoma kwa jicho la fundi. Mvua ya mawe haiezui paa. Barafu hutoka juu kwenda chini. Inaweza kubonyeza bati, kulitoboa, kuvunja kigae au kioo, lakini kunyanyua bati pamoja na kenchi zake (fremu za mbao zinazobeba paa) na kuvitupa shambani kwa jirani ni kazi ya upepo. Viwili hivi mara nyingi hutoka katika wingu moja, na ndiyo maana watu huvichanganya. Hata hivyo alama vinazoacha ni tofauti, na mwenye subira ya kupanda ngazi huziona.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu kila chanzo kina dawa yake. Paa lililoezuliwa na upepo linatuonyesha kwamba misumari ilikuwa michache, kwamba papi (mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake) ziliachana mno, au kwamba kenchi ziliwekwa tu juu ya ukuta bila kufungwa kwa waya au nondo. Paa lililotobolewa na barafu linatuonyesha unene wa bati. Paa linalovuja kwa kutu linatuonyesha umri, moshi na ukosefu wa matunzo. Tukiziita zote tatu mvua ya mawe, basi fundi aliyepiga msumari mmoja mahali pa mitatu anapona, muuzaji aliyeuza bati jembamba la geji 32 kwa jina la geji 28, ambalo ni nene zaidi, anapona, na kamati ya shule ambayo kwa miaka haikufagia majani juu ya paa nayo inapona, kwa kuwa mbinguni hakuna wa kumshitaki. Kisha mabati mapya yanakuja, yanaezekwa na watu walewale kwa namna ileile.

Sisemi haya kwa kuidharau mvua ya mawe. Wasomaji wanakumbuka yaliyotokea Mwakata, wilayani Kahama, si mbali na mpaka wetu wa Nzega, mwezi Machi 2015, ambapo zaidi ya watu 40 walipoteza maisha kwa mvua ya mawe na upepo vilivyobomoa nyumba usiku. Barafu yenye kipenyo cha sentimita 2.5 hadi 4.5 huanguka kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 40 hadi 65 kwa saa, na ikumbukwe kwamba kipenyo kikiongezeka mara mbili uzito huongezeka mara nane. Sisi tulio katika uwanda wa juu, Tabora ikiwa kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,200, na zaidi wenzetu wa milima ya Kasulu na Buhigwe, barafu hutufikia ikiwa imepita katika hewa ya joto kwa safari fupi kuliko ile inayoelekea Ujiji ufukweni, ambako Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Kwa hiyo hatari ipo. Ninachotaka ni kwamba tuitambue pale ilipopita, na pale ambapo haikupita tusiisingizie.

Nianze na bati la kawaida, kwa kuwa ndilo linalofunika watu wengi. Barafu ikipiga bati huacha kibonyeo cha duara chenye kingo laini, na rangi au ngozi ya zinki iliyo juu kwa kawaida haikwaruziki. Vibonyeo hivyo havina mpangilio: vingine vikubwa, vingine vidogo, vingine juu ya migongo, vingine kwenye mabonde. Tena barafu huja na upepo, hivyo upande wa paa ulioelekea kule ilikotoka mvua huumia zaidi ya upande wa pili, wakati kutu haijali upepo ulivuma kutoka wapi. Mtu akiniambia paa lake limepigwa na mawe, nami nikakuta mlima wa paa (upande wake ulioinama) wa mashariki na wa magharibi imechakaa sawasawa, huanza kuwa na mashaka naye, kwa heshima zote.

Vibonyeo vidogo havionekani kwa urahisi jua likiwa utosini. Vitazame asubuhi au jioni, mwanga unapolala. Njia nyingine ya mafundi ni kulaza kipande cha chaki ya shule na kukipitisha juu ya bati bila kugandamiza: chaki itashika pote isipokuwa ndani ya kibonyeo, nacho kitajichora chenyewe. Halafu usiishie kwenye bati la paa. Shuka utazame gata, kofia ya juu ya paa, bomba la dohani, mfuniko wa simtanki, boneti ya gari lililolala nje, na zile bati za plastiki zinazopitisha mwanga, ambazo jua huzikausha mpaka zikawa rahisi kupasuka. Barafu haichagui, iliyopiga paa imepiga na hivi. Iwapo gata jembamba la bati halina hata alama moja, na bati lililo juu yake linadaiwa kutobolewa na mvua ya usiku huohuo, dai hilo linahitaji maelezo. Paneli za sola ni shahidi dhaifu kidogo, kwa sababu kipimo cha kimataifa huzitaka zistahimili vipande vya barafu vya milimita 25 vinavyorushwa kwa mwendo wa mita 23 kwa sekunde, kwa hiyo kioo cha paneli kinaweza kubaki kizima ilhali bati jembamba la pembeni limebonyea.

Kuna na alama nyingine ambayo wengi huipuuza. Juu ya bati kuukuu, au juu ya ukuta na mlango wa chuma, huwa kuna vumbi, masizi na ukungu uliokwisha kushika. Barafu ikipiga hapo huubandua uchafu huo na kuacha madoa meupe yaliyotawanyika, hata kama haikubonyeza chochote. Madoa haya hufifia kadiri mvua na vumbi zinavyoendelea, na faida yake ni kwamba yakiwa bado meupe yanathibitisha kuwa tukio ni la karibuni, na ukubwa wake hukupa makadirio ya ukubwa wa barafu iliyoanguka. Shambani pia kuna ushahidi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Sikonge au Kaliua hahitaji kufundishwa jani lililopigwa na mawe linavyokuwa. Limetobolewa na kuchanika, na shina lina michubuko upande mmoja. Wa Kasulu atatazama migomba. Mvua ya mawe hupita kama ukanda mwembamba, kijiji kimoja kikaumia na cha pili kikabaki salama, kwa hiyo hoja ya kusema "mbona kwa jirani hakuna kitu" haitoshi kumkanusha mtu. Lakini kama mpapai ulio hatua chache kutoka kwenye nyumba una majani yote mazima, hoja hiyo inatosha kabisa.

Sasa nije kwenye maembe, na wasomaji wa mikoa mingine wanivumilie. Tabora ni mji wa miembe. Nyumba nyingi za zamani zimekaa chini ya miti hiyo, na embe huiva katika miezi ileile ya Novemba na Desemba ambapo mvua za kwanza zenye upepo mkali zinashuka. Upepo ukitikisa mwembe usiku, embe bichi lenye uzito hushuka juu ya bati kwa kishindo ambacho aliye ndani ya nyumba ataapa kuwa ni barafu. Asubuhi kuna vibonyeo vya duara, laini, visivyo na mkwaruzo, vinavyofanana mno na vya mvua ya mawe. Fundi asiye mwangalifu atadanganyika hapa. Tofauti iko katika mahali: vibonyeo vya embe hukaa chini ya matawi na kuishia pale matawi yanapoishia, na ukubwa wake hautofautiani sana, wakati vya barafu huenea hadi kwenye ncha ya paa iliyo mbali na mti, na kwa kweli hupungua chini ya mti kwa sababu majani hukinga. Aidha embe huacha utomvu wake, doa la kahawia linalonata, ambalo mvua haiondoi haraka.

Wapo pia watoto wanaoyatungua maembe kwa mawe. Jiwe la mtoto hubonyeza bati kwa ncha kali na kukwaruza rangi, na baada ya wiki chache mkwaruzo huo huanza kutoa kutu ya rangi ya chungwa. Alama zake hukusanyika upande ambao watoto wanasimama, mara nyingi upande wa njia, na wakati mwingine jiwe lenyewe utalikuta limelala kwenye bonde la bati. Miguu ya fundi nayo ina alama zake: migongo ya bati hulala kwa urefu, hasa katikati ya papi mbili, mahali ambapo mtu mzoefu hakanyagi. Kigoma kwenye michikichi, matawi yanayosugua bati huacha mikwaruzo iliyopinda, inayojirudia mahali palepale. Hakuna hata moja kati ya hizi linaloweza kuhesabiwa kuwa ni mvua ya mawe.

Kutu ndiyo ambayo wengi huiita mvua ya mawe, nami nitakaa hapo kidogo. Bati letu ni chuma kilichofunikwa kwa zinki, au kwa mchanganyiko wa alumini na zinki, na zinki hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza ili chuma kibaki. Ndiyo maana dalili ya kwanza ni unga mweupe, na kutu nyekundu hufuata baadaye zinki ikishakwisha. Inapoanzia ndipo panapoitambulisha. Huanzia kwenye matundu ya misumari, hasa pale raba ya msumari imekauka na kupasuka. Huanzia bati linapopandia juu ya lingine, kwa kuwa maji hunaswa katikati. Huanzia kwenye ncha zilizokatwa kwa msumeno. Huanzia chini ya marundo ya majani makavu yanayoshika unyevu. Ukiona mstari wa kutu uliofuata papi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, huenda mbao zilizotiwa dawa yenye shaba ziliezekewa zikiwa bado mbichi, na dawa ile ikila zinki kila zilipolowa. Barafu haiwezi kupiga kwa mstari.

Kutu nyingine hutoka ndani, na hii ndiyo inayowashangaza wenye nyumba. Juu ya jiko la kuni, moshi na mvuke hupanda, hugusa bati lililopoa usiku, hugeuka matone yenye uchachu, na bati huliwa kutoka chini wakati juu bado linang'aa. Mabani ya kukaushia tumbaku yaliyoezekwa kwa bati yana tatizo la aina hiyohiyo, kwa joto na unyevu unaotoka katika majani. Siku bati hilo linapotoboka, mara nyingi ni siku ya mvua kubwa, kwa sababu hapo ndipo maji yanaingia ndani na mwenye nyumba anainua macho kwa mara ya kwanza tangu aezeke.

Basi tutazame tundu lenyewe. Tundu la barafu limepasuka kuelekea ndani, kingo zake zimeshuka na mara nyingi zimechanika kama nyota, na katika siku za mwanzo chuma kilichopasuka kinang'aa. Tundu la kutu lina kingo nyembamba za kahawia zinazomeguka ukizigusa kwa kidole, na pembeni yake utakuta ndugu zake wadogo ambao bado hawajatoboka. Kingo zinazong'aa hazidumu katika msimu wa mvua; baada ya wiki kadhaa nazo hushika kutu, na ushahidi ukapotea. Kwa sababu hiyo picha za simu zipigwe mapema, ya karibu na ya mbali, kukiwa na sarafu au rula pembeni ya alama ili ukubwa uonekane, na barafu yenyewe ipigwe picha kabla haijayeyuka.

Yapo mapaa ambayo yote mawili ni kweli, na hapa ndipo mabishano huwa makali. Bati lililoliwa na kutu mpaka likabaki kama karatasi linaweza kutobolewa na barafu ndogo ambayo bati zima lisingeihisi. Kwa maoni yangu ni haki kueleza hivyo hivyo: barafu ilimaliza kazi iliyoanzishwa na kutu. Mikataba mingi ya bima ya nyumba haifidii uchakavu wa taratibu, na mkaguzi wa bima ana haki ya kuuliza umri wa bati. Lakini hana haki ya kutazama paa kutoka getini, akaona kutu kwenye mapandio, akaandika "uchakavu" na kuondoka bila kupanda kuhesabu vibonyeo vipya upande wa upepo. Mwananchi aliyenyimwa madai kwa namna hiyo asikate tamaa. Iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na picha zenye tarehe husikilizwa kuliko kelele. Aelewe pia kwamba kibonyeo peke yake, kisichopasua zinki wala kufungua mapandio, hakivujishi na kwa kawaida hakifupishi maisha ya bati. Ni uharibifu wa sura. Mkataba unaweza kuulipa au usiulipe, kutegemea ulivyoandikwa.

Mapaa ya aina nyingine niyapitie kwa ufupi. Vigae vya udongo, vilivyobaki kwenye majengo ya zamani, barafu kubwa huvivunja pembeni au huvipasua, na mahali palipovunjika udongo una rangi safi. Ufa wa zamani una vumbi na ukungu ndani yake. Vigae vya bati vilivyopakwa chenga za mawe, ambavyo sasa vimeenea katika nyumba mpya za mjini, hudondosha chenga nyingi kwenye gata wakati wa mvua za kwanza baada ya kuezekwa, na hizo ni za ziada zilizobaki kiwandani, kwa hiyo mwenye nyumba asihangaike; barafu huzibandua kwa madoa ya duara yenye kibonyeo ndani yake.

Vile vigae laini vya lami vilivyomwagiwa chembe za mawe, vinavyotumika sana Marekani na ambavyo baadhi ya wajenzi wetu wameanza kuviagiza, vina hila zaidi. Barafu ikivipiga, vigae hivyo hupondeka kama embe lililoanguka: juu huonekana doa jeusi la lami changa lililopoteza chembe zake, na ukibonyeza kwa kidole unahisi ulaini, kwa kuwa utando wa ndani umevunjika. Malengelenge ya jua, ambayo hutokana na unyevu au hewa iliyonaswa ndani ya kigae, nayo huacha mashimo meusi, lakini ni madogo, yana kuta zilizosimama, chini yake ni pagumu, na hujaa zaidi upande unaochomwa na jua. Uzee hukausha lami, ukaleta nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi na kupoteza chembe kwa usawa au kufuata njia ya maji. Kwa kawaida barafu iliyo chini ya sentimita 2.5 haidhuru kigae cha lami kilicho kizima, kwa hiyo anayedai uharibifu wa paa zima kwa barafu ya ukubwa wa punje za mahindi aulizwe vizuri.

Kuhusu mabati ya asbesto yaliyobaki katika baadhi ya majengo ya zamani, nina ombi moja tu. Barafu huyapasua na kuyatoboa waziwazi, hakuna haja ya kuyachunguza kwa mikono. Mtu asiyakwangue, asiyafagie yakiwa makavu wala kuyavunja ili kupata sampuli, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni lina madhara makubwa.

Ninapendekeza kwa kamati za shule, za zahanati na za maafa za kata kwamba kila mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, fundi apande juu, afagie majani, abadilishe misumari iliyooza raba, apige picha za kila mlima wa paa, na aandike kwenye daftari geji ya bati, mwaka lilipoezekwa na mahali penye kutu. Kazi hiyo inamalizika kwa asubuhi moja kwa jengo la kawaida la madarasa. Mvua ikishuka mwezi unaofuata, kamati itakuwa na picha ya kulinganisha, na afisa atakayetumwa na halmashauri ataweza kuandika katika taarifa yake mabati mangapi yalitobolewa na barafu, mangapi yaliondolewa na upepo, na mangapi yalikuwa yanavuja tangu mwaka juzi.

Wako,
Fundi mstaafu wa majengo,
Tabora.